Picha Zilizobaki, Sauti Zilizopotea: Kiswahili katika Filamu za Vugiri, Usambara, 1935–1937

Historia ya Kiswahili kilichonaswa mashineni aghalabu huanzia kwenye muziki. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi nyimbo kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice, na santuri zile hadi leo zinasikilizwa, zinanukuliwa na kuandikiwa tasnifu. Kutoka hapo wataalamu huruka moja kwa moja hadi redio: Sauti ya Dar es Salaam iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1951, kisha Idhaa ya Kiswahili ya BBC mwaka 1957. Katikati ya vituo hivyo kuna tukio moja la milima ya Usambara ambalo wanahistoria wa sinema wanalifahamu vyema, lakini ambalo taaluma za Kiswahili zimelipita kama msafiri apitavyo njia panda usiku.

Kati ya Machi 1935 na Mei 1937, mahali paitwapo Vugiri, zilitengenezwa filamu fupi 35 zilizokusudiwa watazamaji Waafrika. Vugiri ipo upande wa kusini wa Usambara Magharibi, kusini mwa Lushoto, katika eneo ambalo leo limo ndani ya Wilaya ya Korogwe. Mradi wenyewe uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment, kwa kifupi BEKE, yaani Jaribio la Sinema ya Elimu kwa Wabantu. Filamu hizo ziliambatana na maelezo na mazungumzo katika Kiswahili na katika lugha nyingine za Kiafrika. Mhadhara huu haukusudii kurudia historia ya mradi, kwa kuwa Rosaleen Smyth, Glenn Reynolds na Aaron Windel, miongoni mwa wengine, wamekwisha kuieleza kwa undani. Unakusudia kuzitazama filamu hizo kama matini za Kiswahili, na kueleza kwa nini nusu yake iliyo muhimu zaidi kwa mwanaisimu, yaani sauti, ndiyo iliyokuwa rahisi zaidi kupotea.

Chanzo cha mradi kilikuwa mbali na Usambara. Mwaka 1932 J. Merle Davis, wa Baraza la Kimataifa la Wamisionari, aliongoza uchunguzi kuhusu athari za migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini katika maisha ya vijiji ambavyo vijana wake walikuwa wakivihama. Ripoti ilipotoka mwaka 1933, mojawapo ya mawazo yaliyochipuka lilikuwa kutumia sinema kama daraja kati ya kijiji na ulimwengu wa mshahara. Shirika la Carnegie la New York lilitoa ruzuku. Waliokabidhiwa kazi ni watu wawili. Meja L. A. Notcutt alikuwa amesimamia mashamba ya mkonge katika Afrika ya Mashariki, na tangu mwaka 1926 alikuwa akiwaza kuwa sinema ingeweza kuwafanya vibarua watulie. G. C. Latham alikuwa ameongoza idara ya elimu ya Waafrika huko Rhodesia ya Kaskazini. Kwa ufupi, mmoja alitaka vibarua wasioondoka, mwingine alitaka wanafunzi. Tofauti hiyo haikosi kuonekana katika orodha ya filamu zao.

Uchaguzi wa Vugiri unaeleweka kwa yeyote aliyewahi kupanda kutoka joto la Mombo au Korogwe hadi juu milimani. Dawa za kusafishia filamu hufanya kazi vizuri katika joto la nyuzi 18 hadi 20 hivi. Dawa ikipata joto kupita kiasi, utando wa gelatini uliobeba picha huvimba, hulainika na hata kubanduka. Kule bondeni kazi hiyo ingehitaji barafu, ilhali milimani baridi ilikuwa ya bure. Ndiyo maana filamu zilizopigwa katika maeneo mengi tofauti zilirudishwa Usambara kusafishwa, kuunganishwa na kuwekewa sauti. Wenyeji hawakuwa waigizaji tu, kwani baadhi yao walifundishwa kazi za maabara na mitambo. Kwa hiyo miongoni mwa mafundi wa kwanza wa filamu Waafrika katika nchi hii wamo waliojifunzia kazi yao katika vyumba vya giza vya Vugiri, jambo ambalo halimo katika simulizi za kawaida zinazoanza na kuundwa kwa Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968.

Filamu zenyewe zilihusu kahawa, chai, ngozi, maziwa, malaria, mmomonyoko wa udongo, kodi, na mambo mengine ya aina hiyo. Mtafiti wa leo huzikunjia uso na kuziita propaganda. Hilo ni kweli, na hakuna haja ya kulificha: mkoloni aliyatunga masomo hayo kwa faida yake. Hata hivyo, kuziita propaganda na kuishia hapo ni uvivu. Tenzi nyingi za mwambao nazo ni mafunzo na maonyo, na hakuna mhakiki anayeziacha kwa sababu hiyo. Filamu ya mafunzo ni utanzu wenye kanuni zake, na kanuni hizo zilikuwa na ndugu zake katika fasihi simulizi. Mfano mzuri ni filamu kuhusu Benki ya Akiba ya Posta, mojawapo ya kazi za mwanzo za mradi. Wafanyakazi wawili wanapata mshahara. Mmoja anazika fedha zake ardhini, mwizi anamwona na kuzichukua. Mwenzake anaziweka Posta, na zinabaki salama. Yeyote aliyelelewa kwa hadithi za mjinga na mwerevu anaujua muundo huu kabla mashine haijawashwa. Orodha hiyo inayo pia filamu ya Sungura na Chui, ambayo haikuhitaji kukopa muundo wa ngano kwa kuwa ilikuwa ngano yenyewe.

Sauti ya filamu hizo haikuwa juu ya ukanda wa picha. Ilikuwa kwenye santuri. Njia hiyo haikuwa mpya: kampuni ya Warner Brothers ya Marekani iliitumia katika filamu za Vitaphone tangu mwaka 1926, na filamu mashuhuri ya The Jazz Singer ya mwaka 1927 ilisikika kwa njia hiyohiyo. Kufikia mwaka 1935 Hollywood ilikuwa imekwisha kuiacha na kuchapa sauti pembeni mwa ukanda. Vugiri waliishika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni gharama, kwa kuwa mradi ulitumia ukanda mwembamba wa milimita 16, na mitambo ya kuchapa sauti juu ya ukanda huo ilikuwa ghali. Ya pili inamhusu mwanaisimu moja kwa moja. Sauti ikichapwa juu ya ukanda, kila lugha inadai nakala yake ya filamu. Sauti ikiwa kwenye santuri, picha hubaki ileile, na fundi hubadilisha santuri tu. Leo Kiswahili, kesho Kiganda, mwezi ujao Kinyanja au Kibemba. Mradi uliolenga nchi za Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasa na Rhodesia ya Kaskazini kwa pamoja haukuwa na njia nyingine ya bei nafuu.

Urahisi huo ulikuwa na bei yake. Picha na sauti zilikuwa vitu viwili vilivyooana bila kufungwa pingu. Tuseme mashine inapitisha picha 16 kwa sekunde, ukanda ukakatika, na fundi akatupa picha 32 zilizoharibika ili aunge upya. Tangu hapo picha itaitangulia sauti kwa sekunde mbili. Mwizi atakuwa amekwisha kutoroka wakati msimulizi anaonya kwamba kuna mtu nyuma ya mti. Mafundi wa Marekani waliepuka aibu hiyo kwa kuunganisha vipande vitupu vyenye urefu uleule wa picha zilizokatwa. Katika safari ya lori kwenye barabara za vumbi, na mashine ikiendeshwa kwa jenereta, uangalifu wa namna hiyo haukuwa jambo dogo.

Hebu sasa maswali ya lugha yaulizwe, maana hapa ndipo hasara inapodhihirika. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikuwa umechagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki ilianza kazi mwaka 1930. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili ya Frederick Johnson ilitoka mwaka 1935, mwaka uleule kazi ilipoanza Vugiri, na ile ya Kiswahili kwa Kiingereza ikafuata mwaka 1939. Kwa hiyo santuri za Vugiri zilirekodiwa wakati usanifishaji ukiwa jikoni. Lakini Kamati ilishughulika hasa na kitabu, yaani tahajia, msamiati wa shule na miswada ya kuidhinishwa. Kiswahili cha kusemwa mbele ya umati, kupitia kipaza sauti, kwa watu wengi ambao Kiswahili kilikuwa lugha yao ya pili, hakikuwa na kamati. Kilitatuliwa na mtu aliyesimama mbele ya kinasa sauti.

Mtu huyo alilazimika kuamua mambo ambayo kamusi haikumwamulia. Filamu ya Posta inaonyesha ugumu huo vizuri. Sababu moja ya kuweka fedha Posta ni kwamba zinaongezeka. Ongezeko hilo liitweje? Neno riba lipo, na ni sahihi, ila kwa Mwislamu wa Korogwe, Pangani au Tanga neno hilo hubeba haramu yake mgongoni, na kulitamka katika tangazo la kumvutia ni sawa na kumwita mgeni mezani na kumtajia nguruwe. Neno faida linapita bila kugomba, lakini linaiachia fedha sura ya biashara. Ingewezekana pia kusema tu kwamba fedha "zitazaa". Kila chaguo lina siasa yake, na kila chaguo lingetueleza Vugiri walimfikiria nani waliposema "mtazamaji".

Ndivyo ilivyo pia kwa filamu iliyoitwa, kwa Kiingereza, Chifu. Usambara penyewe cheo hicho kina historia ndefu. Abdallah bin Hemedi l-Ajjemy, katika Habari za Wakilindi, kazi kubwa ya nathari ya Kiswahili iliyochapwa na wamisionari kati ya miaka ya 1895 na 1907, anaviacha vyeo vya Kisambaa vionekane ndani ya Kiswahili chake, na msomaji anajifunza kutofautisha Simba Mwene wa Vuga na zumbe wa mahali. Pwani kulikuwa na jumbe. Usukumani kulikuwa na mtemi. Serikali, chini ya utawala wa kupitia wenyeji ulioimarishwa katika miaka ya 1920, ilihitaji neno moja la kuwafunika wote, na chifu likawa neno hilo. Windel ameonyesha jinsi filamu za Vugiri zilivyofungamana na utawala wa namna hiyo. Basi santuri ya filamu hii ingekuwa ushahidi wa namna neno moja lilivyosukumwa masikioni mwa watu waliokuwa na maneno yao. Kuhusu minyoo, ambayo filamu yake imehifadhiwa, Kiswahili kilikuwa na neno lake tayari, safura. Lakini safura ni jina la hali ya mgonjwa, ile rangi ya kupauka na uchovu, wala si jina la mdudu. Kumshawishi mtu achimbe choo ni kumwonyesha kwamba hali anayoijua inatokana na mdudu asiyemjua, na mzigo huo wote uliangukia sentensi za msimulizi.

Ngano ya Sungura inaleta tatizo la aina nyingine. Mtambaji hasemi peke yake. Akisema "Paukwa!" hungoja "Pakawa!", na bila kuitikiwa hadithi haijaanza. Santuri haingoji. Sindano huendelea kutembea ndani ya mfereji wake, hadhira iitikie au isiitikie. Mtu anayerekodi ngano kwa ajili ya filamu ana njia mbili: kuacha fomula na kuingia hadithini kama msomaji wa kitabu, au kuacha nafasi ya kimya na kubahatisha urefu wa kiitikio. Hapo, kabla ya redio kufika Tanganyika, utambaji wa Kiswahili ulikutana na mashine isiyosikia. Ni tatizo lilelile ambalo watangazaji wa vipindi vya watoto walikuja kukutana nalo miaka mingi baadaye.

Kati ya Septemba 1935 na Februari 1936 lori la mradi lilizunguka nchi kadhaa likionyesha filamu mashambani, migodini na katika vituo vya misheni, mbele ya makumi ya maelfu ya watu. Notcutt na Latham walieleza mapokezi katika kitabu chao cha mwaka 1937, na maelezo yao yanafaa kusomwa kwa tahadhari ya kawaida, kwa kuwa walikuwa wakiomba fedha zaidi. Hawakuzipata. Serikali za makoloni zilisita, ruzuku ikaisha, na Vugiri ikafungwa.

Vita vilipoanza mwaka 1939, London iliunda Kitengo cha Filamu cha Makoloni chini ya William Sellers, aliyekuwa amefanya kazi ya afya nchini Nigeria. Sellers aliamini kwamba mtazamaji wa kijijini anahitaji picha ndefu, zisizorukaruka wala zisizo na hila za kamera, na kwamba maelezo yatolewe papo hapo na msimulizi aliyeshika kipaza sauti karibu na gari la sinema. Imani yake kuhusu akili ya mtazamaji imekwisha kukosolewa vya kutosha. Kwa mwanafunzi wa lugha jambo la kushika ni dogo na zito: kwa uamuzi huo matini ya filamu iliacha kurekodiwa na ikarudi mdomoni. Kila onyesho likawa toleo jipya, na yule msimulizi, ambaye aghalabu alikuwa karani au mwalimu kijana, akawa mtunzi bila kutajwa popote.

Filamu za Kiswahili zenye mazungumzo yake zilirudi mwanzoni mwa miaka ya 1950, kampuni ya Afrika ya Kusini iliposhirikiana na serikali ya Tanganyika kutengeneza Muhogo Mchungu na Chalo Amerudi. Mmoja wa waigizaji alikuwa Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, na kwa sababu hiyo filamu hizo zinatajwa mara kwa mara. Hadithi ya mtu wa shamba anayefika mjini na kulaghaiwa haikuwa mpya. Ilikuwa jirani wa karibu wa yule mfanyakazi wa Vugiri aliyezika fedha zake. Anayetaka kufuata ukoo wa sauti badala ya ukoo wa hadithi atafika mahali pasipotazamiwa, yaani katika mabanda ya video ya Dar es Salaam ya miaka ya 2000, ambako wasimulizi kama Lufufu walirekodi Kiswahili chao juu ya filamu za Marekani, India na Hong Kong. Walifupisha, walitania, waliongeza methali na kuwapa majambazi wa kigeni tabia za mtaani. Ni rahisi kuwachukulia kama burudani ya vijana wasio na kazi. Lakini mbinu yao, picha moja ya kigeni na sauti ya Kiswahili inayobandikwa juu yake kwa uhuru, ndiyo mbinu ya santuri za Vugiri, ila safari hii usukani ulikuwa mikononi mwa msimulizi.

Kati ya filamu 35 za Vugiri, tatu zimehifadhiwa katika Taasisi ya Filamu ya Uingereza: ile ya safura, ile ya mafunzo ya matabibu wa mifugo, na ile ya mashamba ya wakulima wa Kingolwira karibu na Morogoro. Nakala hizo ni za kimya. Watu wanaonekana wakichimba, wakipanda, wakipima, lakini hakuna neno linalosikika, na mtazamaji asiyejua historia ya santuri hudhani zilitengenezwa bila sauti tangu awali. Matokeo yake ni kwamba maudhui ya filamu za Kiswahili za miaka hiyo yanajulikana leo kupitia muhtasari wa Kiingereza ulioandikwa na watengenezaji wake. Ukanda wa picha ulikuwa na hazina ya kuupokea, kwa kuwa hazina za filamu hukusanya kanda. Santuri za muziki zilikuwa na wapenzi wa muziki, na ndio waliomwokoa Siti. Santuri ya maneno ya filamu haikuwa filamu wala muziki, na aliyeikuta bila picha yake hakuwa na sababu ya kuitunza.

Kazi inayowezekana ipo ya aina mbili. Moja ni ya nyaraka: kumbukumbu za misheni, za mashamba ya mkonge na chai, za idara za posta, afya na mifugo, ambako mswada wa maelezo ya Kiswahili ungeweza kuwekwa katika jalada lenye jina lisilohusiana kabisa na sinema. Ya pili ni ya masikio. Makusanyo ya santuri za zamani katika Tanga, Zanzibar, Mombasa na nje ya Afrika ya Mashariki yana vipande visivyo na lebo, au vyenye lebo iliyofutika, vinavyowekwa kando kwa kuwa havina wimbo. Msikilizaji anayekutana na santuri kama hiyo asiirudishe upesi kabatini. Asikilize kama ni sauti ya mtu mmoja anayesema polepole juu ya akiba, choo, ng'ombe au kodi. Asikilize hasa kama msemaji ananyamaza mara kwa mara mahali ambapo sentensi haihitaji kunyamaza, sekunde tatu hapa, tano pale, kisha anaendelea kama kwamba kuna kitu kimetokea mbele yake. Vituo hivyo havitokani na sarufi. Urefu wake upimwe kwa saa na kulinganishwa na zile filamu tatu zilizobaki, picha kwa picha.